Kuchagua Kipima Umbali cha Leza kwa Masafa Marefu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wasomaji wa Nairobi

Maswali haya huulizwa na watu wa aina nyingi: wawindaji wanaovuka mpaka kwenda Tanzania, Namibia au Afrika Kusini, walengaji shabaha wenye leseni, waongoza watalii, na madaktari wa wanyamapori wanaofyatua sindano za usingizi. Kazi zao hazifanani ila chombo ni kilekile, na makosa ya kukinunua hayatofautiani. Karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye jambo moja: kununua kwa kuangalia umbali ambao chombo kinamsoma mnyama kwa hakika, bila kuvutwa na namba kubwa iliyochapishwa kwenye boksi.

## Mambo ya msingi

1. Kipima umbali cha leza hufanyaje kazi?

Ukibonyeza kitufe, chombo hutuma mapigo mafupi ya mwanga usioonekana kwa macho. Mwanga hugonga kitu, sehemu yake ndogo hurudi, na saa iliyo ndani huhesabu muda uliopita. Kwa kuwa mwendo wa mwanga unajulikana, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, muda hugeuzwa kuwa umbali. Kitu kilicho mita 600 hurudisha mwanga baada ya sehemu nne tu za milioni moja za sekunde.

Kinachoamua kama utapata jibu ni kiasi cha mwanga kinachorudi. Ukuta mweupe wa jengo pale Upper Hill hurudisha mwanga mwingi. Mbogo mweusi aliyejipaka tope hurudisha kidogo sana. Ukilielewa hili, sehemu kubwa ya maswali yanayofuata utaweza kuyajibu mwenyewe.

2. Mkenya anakihitaji cha nini, na uwindaji umepigwa marufuku?

Ni kweli, uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inauhesabu kuwa kosa la jinai lenye adhabu kali. Hakuna chochote kwenye ukurasa huu kinachokuruhusu kulenga mnyama ndani ya mipaka ya Kenya.

Lakini kuna Wakenya wanaowinda kihalali katika nchi zinazoruhusu, na wapo wanaofanya kazi kwenye kambi za uwindaji Tanzania. Nyumbani, chombo hiki kina kazi nyingine nyingi. Watafiti wanaohesabu wanyama kwa kutembea kwenye mistari iliyopangwa hukitumia kupima umbali wa kila kundi wanaloliona. Mwongoza watalii hukitumia kujua yuko mbali kiasi gani na ndovu mwenye mtoto. Wa sindano za usingizi wana swali lao, namba 25.

3. Siwezi kukadiria umbali kwa macho tu?

Hadi mita 200, mtu aliyezoea pori anaweza, na akikosea kidogo hakuna kinachoharibika. Baada ya hapo macho hudanganya. Kwenye uwanda ulio wazi kama wa Loliondo, ambako hakuna mti wa kulinganisha, mnyama huonekana karibu kuliko alivyo. Jioni, mwanga ukipungua, huonekana mbali zaidi. Ng'ambo ya bonde ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu jicho haliioni ardhi iliyo katikati.

Gharama ya kosa hilo hukua kadiri umbali unavyokua. Chukua bunduki ya kawaida ya .308 (kipenyo cha risasi kwa inchi). Ukikosea kwa mita 50 mnyama akiwa mita 200, risasi itapita juu au chini kwa takriban sentimita 8 hadi 10. Kosa lilelile kwenye mita 500 ni karibu theluthi moja ya mita. Eneo la moyo na mapafu la swala wa ukubwa wa wastani lina upana wa kama sentimita 20. Kukosea kiasi hicho maana yake ni mnyama aliyevunjika mguu au aliyepasuka tumbo, anayekimbia kufa kichakani. Hii ndiyo sababu ya kwanza na ya mwisho ya kununua chombo hiki, na ndiyo inayonifanya niandike kwa urefu.

4. Nina cha gofu tayari. Kinatosha?

Kwa umbali mfupi kinatosha. Kwa masafa marefu hapana. Cha gofu kimepangwa kushika kitu cha karibu zaidi, yaani kijiti cha bendera, na kupuuza miti iliyo nyuma. Porini unataka kinyume chake mara nyingi (tazama swali la 9). Tena vijiti vingi vya bendera huwekewa vioo vidogo vya kurudisha mwanga, kwa hiyo kile kinachosoma bendera mita 350 pale Karen au Muthaiga kinaweza kushindwa na swala aliye mita 250.

Kwa anayetaka kimoja cha kazi zote mbili: kanuni za gofu za tangu 2019, kanuni ya 4.3, zinaruhusu kupima umbali isipokuwa klabu imekataza, ila haziruhusu kupima mwinuko. Hakikisha kipimo cha mwinuko kinaweza kuzimwa.

## Namba za kwenye boksi

5. Boksi limeandikwa 2,000. Ni kweli kinafika huko?

Kinafika, kwenye kibao kinachong'aa, siku ya mawingu, chombo kikiwa kimetulia kwenye stendi. Watengenezaji waaminifu huandika namba tatu: ya kitu kinachong'aa, ya mti, na ya mnyama wa ukubwa wa paa wa Ulaya au Marekani. Ya mnyama mara nyingi ni nusu ya ile kubwa, na kwa vyombo vya bei rahisi hushuka hadi theluthi.

Kisha ondoa tena kwa ajili ya jua. Leza ya chombo inashindana na mwanga wa jua, na saa sita mchana kwenye uwanda wa ikweta kuna mwanga wa kupindukia. Chombo kinachosoma mita 800 alfajiri kinaweza kugoma kwenye 550 mchana, kitu kikiwa kilekile. Kama karatasi ya maelezo haina kabisa namba ya mnyama, mimi ningerudisha boksi kwenye rafu.

6. Basi ninunue kinachofika wapi?

Anza na umbali ambao wewe mwenyewe unaweza kupiga bila shaka, katika mkao wa porini, moyo ukidunda. Kwa wawindaji wengi ninaowafahamu umbali huo hauzidi mita 300, hata kama kwenye uwanja wa shabaha wanagonga bati la mita 600. Kisha tafuta chombo ambacho namba yake ya mnyama ni mara mbili ya hapo. Anayepiga hadi 300 atafute cha kusoma mnyama mita 600. Ziada hiyo inameza jua, vumbi, mikono inayotetemeka na mnyama aliyekaa vibaya.

Mahali unapokwenda pana neno pia. Kwenye miombo ya kusini mwa Tanzania mara nyingi huoni zaidi ya mita 150, na chombo cha kawaida ni zaidi ya kutosha. Umasaini kaskazini mwa Tanzania, Karoo ya Afrika Kusini na nyanda za Namibia ndiko umbali unapofunguka.

7. Kutanuka kwa mwali ni nini, na kwa nini wauzaji hawakutaji?

Mwali wa leza hutanuka kadiri unavyokwenda mbali. Kipimo chake ni miliradiani, na hesabu yake ni nyepesi: miliradiani moja ni mita moja ya upana kwa kila mita 1,000. Chombo chenye mwali wa miliradiani 2 kina doa la sentimita 80 kwenye mita 400. Kifua cha swala granti, kutoka mgongoni hadi tumboni, ni kama sentimita 40. Nusu ya mwanga wako, au zaidi, inapita pembeni na kugonga kilima kilicho nyuma, na chombo kinaweza kukupa umbali wa kilima ukaamini ni wa swala.

Mwali mwembamba, chini ya miliradiani 1.5 kwa upande mpana, una thamani kuliko mita 500 za ziada kwenye boksi. Fahamu pia kwamba doa si duara. Vyombo vingi vina doa la mstatili: ama limelala, ama limesimama. Lililolala humfaa mnyama anayeonyesha ubavu, ila likikosea chini hushika kichuguu kilicho mbele. Karatasi ya maelezo ikiandika namba mbili, kama 1.5 kwa 0.5, ndizo hizo.

Wauzaji hawakutaji kwa sababu namba hii haipendezi kwenye tangazo. Iulize.

8. Yadi au mita?

Mita. Vyombo vingi vya soko la Marekani huja vimewekwa yadi, na yadi moja ni mita 0.9144. Ukisoma 500 ukidhani ni mita, mnyama yuko mita 457, na ukirekebisha darubini ya bunduki kwa mita 500 risasi itapita juu kwa kama sentimita 25. Siku unapokifungua, ingia kwenye mpangilio, weka mita, kisha hakikisha jedwali lako la risasi na darubini ya bunduki vinazungumza kipimo hichohicho. Ukibadilisha betri, angalia tena. Baadhi ya vyombo hurudi kwenye yadi vyenyewe.

9. Modi ya "kitu cha kwanza" na "kitu cha mwisho" zinatofautianaje?

Doa linapogonga vitu kadhaa kwa wakati mmoja, mwanga hurudi mara kadhaa. Modi ya kwanza inakupa cha karibu, modi ya mwisho inakupa cha mbali, na nyingine hukupa kile kilichorudisha mwanga mwingi zaidi.

Porini weka modi ya mwisho. Mnyama husimama nyuma ya majani marefu, nyuma ya tawi la mgunga, na modi ya kwanza itakupimia majani. Ila kuna hatari yake: akiwa amesimama kileleni, mbingu nyuma, hakuna shida, akiwa mbele ya kilima, modi ya mwisho inaweza kuruka hadi kilimani. Kwa hiyo pima mara tatu, ukisogeza alama ya kulengea kidogo kila mara. Namba mbili zikikubaliana na ya tatu ikiruka mbali, unajua ipi ya kutupa.

Kuna pia usomaji wa mfululizo, unaoendelea kusoma ukishikilia kitufe. Unasaidia mnyama anapotembea, au unapopapasa kichaka ukitafuta namba inayobadilika.

## Mwinuko, hewa na risasi

10. Nikipima kutoka juu ya kilima kwenda chini, namba ni sahihi?

Namba ni sahihi kama urefu wa mstari kutoka kwako hadi kwa mnyama. Lakini mvuto wa dunia huivuta risasi kwa kadiri ya umbali wa mlalo, na huo ni mfupi zaidi. Kwa mteremko wa nyuzi 10, mita 400 ni mita 394 za mlalo, usijisumbue. Kwa nyuzi 20 ni 376. Kwa nyuzi 30 ni 346, na hapo tofauti inaua au inakosa. Kosa huwa juu sikuzote, uwe unapiga kupanda au kushuka.

Chombo chenye kipima pembe kinakufanyia hesabu hiyo na kuonyesha umbali wa mlalo. Kwa anayekwenda nchi ya milima kinastahili kulipiwa. Kwa anayekwenda uwandani tu, fedha hiyo iende kwenye mwali mwembamba.

11. Nimerekebisha bunduki Nairobi. Nikishuka pwani au bondeni inabadilika?

Kipima umbali hakibadiliki kwa namna utakayoiona. Risasi ndiyo inayobadilika. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita. Hewa nyepesi huizuia risasi kidogo, basi hushuka kidogo. Ukirekebisha hapa kisha ukapige mahali pa chini na penye baridi ya asubuhi, risasi itagonga chini ya ulivyotarajia. Kwenye mita 200 hutaiona tofauti. Kwenye 500 utaiona. Rekebisha tena ukifika kambini. Kila kambi ya maana ina sehemu ya kufanya hivyo.

12. Je, ninunue chenye hesabu za balistiki ndani yake?

Vyombo hivi hupokea takwimu za risasi yako kupitia programu ya simu na bluetooth, hupima joto na mgandamizo wa hewa, kisha hukuambia uizungushe darubini ya bunduki kiasi gani. Leica, Swarovski, Zeiss, Sig Sauer, Vortex na Bushnell wote wamewahi kuvitengeneza.

Kwa anayepiga zaidi ya mita 400 mara kwa mara, na aliyepima mwendo wa risasi yake kwa mashine badala ya kunakili namba ya kwenye pakiti, ni msaada mkubwa. Kwa wengine wote ni mzigo wa mipangilio. Jedwali lililochapishwa, likafungwa kwa selotepu kwenye kitako cha bunduki, haliishiwi chaji wala haliombi kuunganishwa na simu.

13. Kimenisomea mita 500 vizuri kabisa. Nipige?

Umbali ni swali moja kati ya mengi. Risasi ya .308 huchukua takriban robo tatu ya sekunde kufika mita 500, na mnyama anaweza kupiga hatua ndani ya muda huo. Upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa, ule wa kutikisa majani ya mgunga tu, huisukuma pembeni zaidi ya nusu mita. Hakuna kipima umbali cha mkononi kinachoupima upepo ulio katikati ya njia.

Thamani kubwa ya chombo hiki ni pale kinapokuambia usipige. Mnyama uliyemdhania yuko 300 anasomeka 430, unaishusha bunduki, unanyata kupitia korongo hadi 200. Mwindaji anayekitumia hivyo amekitendea haki chombo, na amemtendea haki mnyama.

## Umbo, kioo na betri

14. Cha jicho moja au cha ndani ya darubini?

Cha jicho moja hukaa mfukoni, kina uzito wa gramu 150 hadi 250, hukuza mara 6 au 7, na bei yake ni ya chini. Tatizo lake ni mwendo wa ziada: umemwona mnyama kwa darubini, unaishusha, unatoa kipimaji, unamtafuta upya.

Darubini ya macho mawili yenye leza ndani, ambayo Leica waliileta sokoni mwaka 1992 kwa jina la Geovid, inaondoa mwendo huo, na mikono miwili hutulia kuliko mmoja. Uzito ni kuanzia gramu 800 hadi kilo, na bei ya zilizo nzuri huanza kwenye dola 1,000 na kuendelea mbali.

Mwongoza watalii anayeshinda na darubini shingoni apate ya pili akiweza. Mwindaji wa safari moja kwa mwaka achukue cha jicho moja na fedha inayobaki inunue darubini nzuri ya kawaida.

15. Maandishi meusi au mekundu?

Mekundu. Meusi hupotea kabisa alfajiri na jioni, saa ambazo wanyama hutembea, na huku kwetu kwenye ikweta giza huingia upesi baada ya jua kuzama. Hakikisha tu mwangaza wa maandishi unapunguzika, maana mekundu makali gizani hukuficha mnyama mwenyewe.

16. Betri gani, na zinapatikana Nairobi?

Nyingi hutumia CR2, nyingine CR123A. Maduka ya kamera katikati ya jiji huwa nazo, lakini ukivuka mji wa mwisho usitegemee duka. Beba mbili za akiba. Betri za akiba za lithiamu huruhusiwi kuziweka kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Ziwe kwenye begi la mkononi, kila moja imefunikwa ncha. Vya kuchaji kwa waya wa simu vinafaa kama kambi ina umeme wa jua.

## Kununua na kupima Nairobi

17. Bei zikoje?

Kwa takriban: Sh15,000 hadi 30,000 unapata cha kusoma mnyama hadi mita 250 au 300. Sh40,000 hadi 80,000 unaingia kwenye vyombo vya kweli, vyenye kipima pembe na maandishi mekundu. Hapa ndipo wengi wanapaswa kusimama. Zaidi ya Sh130,000 unalipia kioo bora, mwali mwembamba na hesabu za balistiki. Kodi za forodha huongezeka juu ya hizo ukiagiza mwenyewe.

18. Naweza kuagiza kutoka Marekani?

Baadhi ya wauzaji wa huko hukataa kutuma vipima umbali na darubini za bunduki nje ya nchi yao kwa sababu ya sheria zao za kuuza nje. Uliza kabla ya kulipa. Wauzaji wa Ulaya, Uingereza na Afrika Kusini ni njia nyingine. Upande wa huku, kipima umbali cha mkononi si silaha, ila kile kinachofungwa juu ya bunduki au kilicho ndani ya darubini ya bunduki ni jambo la kuiuliza Bodi ya Leseni za Silaha kabla hakijafika JKIA. Weka risiti, utaihitaji forodhani unapotoka nacho na unaporudi.

19. Cha mtumba je?

Kikubali baada ya jaribio la swali la 20 na la 21, na baada ya kuangalia lenzi zote kwenye mwanga: ukungu wa ndani au nyuzi za kuvu ni sababu ya kuondoka. Fungua sehemu ya betri utafute kutu ya kijani. Kumbuka kuwa dhamana nyingi hazihami na chombo.

20. Nitakijaribu wapi, na vipi?

Usikijaribie dukani kwa kupima ukuta wa jengo la ng'ambo ya barabara. Karibu kila chombo duniani kitafaulu mtihani huo.

Nenda mahali penye anga wazi. Vilima vya Ngong vinafaa sana, kwa kuwa vina miteremko ya kujaribia pembe, ng'ombe na mbuzi wa kupima mwili wenye manyoya, na mitambo ya upepo kwa masafa ya mbali. Pima mti, pima ng'ombe mweusi, pima mawe, mara ya kwanza asubuhi na mara ya pili saa sita. Linganisha na umbali uliochorwa kwenye ramani ya setilaiti ya simu. Andika umbali wa mwisho ambao ng'ombe alisomeka mara tatu mfululizo saa sita mchana. Hiyo ndiyo namba ya kweli ya chombo chako, na sahau ya boksi.

Tahadhari ya jiji: usielekeze kifaa cha aina hii kwenye kambi za jeshi, Ikulu, wala ndege zinazotua Wilson. Anayekuona kwa mbali hajui umeshika nini.

21. Nitajuaje kama alama ya kulengea na mwali vinaelekea mahali pamoja?

Tafuta mlingoti wa umeme ulio peke yake, mita 150 hivi, mbingu nyuma yake. Weka usomaji wa mfululizo na chombo kikae kwenye stendi au juu ya begi. Kisogeze polepole kutoka kushoto hadi namba itokee, kumbuka alama iko wapi, kisha rudia kutoka kulia. Fanya vivyo hivyo juu na chini kwa kitu kilicholala, kama ukingo wa paa. Mwali ukiwa umehamia upande mmoja, utaona namba inatokea kabla alama haijagusa mlingoti unapokisogeza kuelekea upande huo. Kasoro ndogo unaweza kuizoea. Kubwa, rudisha dukani.

## Hali za pembeni

22. Ukungu, mvua na vumbi?

Vyote hurudisha mwanga kabla haujafika. Kwenye ukungu mzito wa Limuru chombo chochote kitakusomea mita 30 za hewa tupu. Baadhi vina modi ya mvua, inayopuuza kila kilicho karibu. Inasaidia mvua nyepesi tu. Mawimbi ya joto ya mchana hayaisumbui leza sana, yanalisumbua jicho lako linaloweka alama.

23. Naweza kupima kupitia kioo cha gari?

Fungua dirisha. Kioo hula mwanga mara mbili, unapokwenda na unaporudi, na kikiwa na vumbi au rangi ya kuzuia jua unaweza kusomewa kioo chenyewe. Zima injini pia. Mtetemo wa Land Cruiser huhamisha doa mita nzima kwenye mita 400.

24. Leza inadhuru macho ya mtu au mnyama?

Tafuta alama ya daraja la 1, ambalo ni salama kwa matumizi ya kawaida. Hata hivyo usimpime mtu usoni, hasa anayekutazama kwa darubini, na usiwape watoto wakichezee.

25. Sisi hufyatua sindano za usingizi, mara nyingi chini ya mita 50. Ushauri huu unatuhusu?

Unawahusu, kwa kugeuzwa. Bunduki za gesi za sindano huwekewa mgandamizo kulingana na umbali. Mkikadiria zaidi ya ilivyo, sindano hupiga kwa nguvu ya kuweza kuvunja mfupa wa mnyama mdogo au kumjeruhi msuli. Mkikadiria pungufu, haiingii. Masafa marefu hayawahusu. Angalieni umbali wa chini ambao chombo kinaanza kusoma, kwa sababu baadhi ya vya masafa marefu havisomi kitu kilicho chini ya mita 10, na angalieni usahihi: cha kukosea nusu mita kinafaa, cha kukosea mita mbili hakifai.

26. Mnyama hasomeki kabisa, namba haitoki. Nifanye nini?

Kwanza tulia: kaa chini, egemeza viwiko magotini, au weka chombo juu ya fimbo za kuegemezea bunduki. Mara nyingi tatizo ni mkono. Pili, lenga ubavu, ulio mpana, na uache shingo na kichwa. Tatu, pima kitu kilicho usawa wake: kichuguu, shina, jiwe, udongo mtupu miguuni mwake. Kikiwa mbele yake kidogo na kingine nyuma yake kidogo, chukua namba zote mbili, yuko katikati.

Mwindaji mzoefu hufanya hivi hata kabla mnyama hajatokea. Akishafika mahali pa kusubiri hupima mti ule, kichuguu kile, ukingo wa maji, na kuviandika kwenye karatasi. Mnyama akitokea, umbali umeshajulikana. Na ikiwa baada ya yote namba bado haitoki, basi mnyama huyo yuko nje ya uwezo wa chombo chako. Rudi kwenye swali la 13.